Aliyeumwa aseme mapema: Jinsi ya kuwafunza watoto kuhusu wanyama na wadudu waumao

WAHENGA walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo ni ya kweli, ila somo lake lina gharama, kwani hupatikana baada ya jino kuingia mwilini. Katika nchi ambayo mtoto wa darasa la pili huamka kuchota maji, akatembea kilomita kadhaa hadi shuleni, na jioni akawarejesha mbuzi zizini, somo hilo linapaswa kumfikia mapema zaidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka duniani kila mwaka, na kwamba kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Kichaa cha mbwa nacho huwaua takriban watu 59,000 kwa mwaka, wengi wao wakiwa wakazi wa mashambani barani Asia na Afrika. Kati ya watu wote wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, asilimia 40 ni watoto wa chini ya umri wa miaka 15.

Makala haya yanaangazia mambo ambayo mzazi, mlezi au mwalimu anaweza kumfunza mtoto ili ajikinge, na hatua za kuchukua pindi anapoumwa au kudungwa.

Kiboko kiwekwe kando kwanza

Wazazi wengi wanapoamua kuwafunza watoto somo hili huanza kwa kuwatajia majina ya wanyama hatari. Ingekuwa bora waanze kwa kujiangalia wao wenyewe. Mtoto aliyeumwa mara nyingi huwa alikuwa mahali alipokatazwa kwenda, au akifanya jambo alilokatazwa kufanya. Alimrushia mbwa wa jirani mawe. Alipanda mwembe wenye mzinga. Aliwaacha mbuzi akaenda kuogelea mtoni. Akirejea nyumbani ana kovu dogo kisiginoni, hesabu anayoipiga kichwani ni moja tu: nikisema, nitachapwa. Basi hunyamaza.

Ukimya huo ndio unaoua. Jeraha dogo la mbwa hupona kwa juma moja na kila mtu akalisahau. Virusi vya kichaa cha mbwa, hata hivyo, husafiri polepole kupitia neva kuelekea kwenye ubongo, na kwa kawaida dalili huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa muda huo waweza kuwa juma moja au hata mwaka mzima. Dalili zikishaanza, kama vile homa, kuwashwa au ganzi mahali pa jeraha, kuogopa maji na kushtushwa na upepo, hakuna tiba inayojulikana ya kuaminika. Kabla ya hapo, ugonjwa huo huzuilika karibu kila mara.

Kwa sababu hiyo, ahadi ya kwanza kwa mtoto iwe kwamba hatapigwa wala kukemewa kwa kuumwa, awe alikuwa na makosa au la. Ahadi hiyo itamkwe waziwazi, irudiwe, na itimizwe siku itakapojaribiwa. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni humu nchini mwaka wa 2001, lakini mtoto hupima usalama wake kwa yale anayoyaona wala si kwa yaliyoandikwa katika sheria.

Mtoto aelezwe pia kwamba mkwaruzo ni sawa na jeraha. Mbwa akimlamba mahali palipochubuka, aseme. Paka akimparura, aseme. Punda au ndama akimuuma, aseme, kwa maana wanyama wote wenye damu moto waweza kuambukizwa kichaa hicho. Watoto wadogo sana wasioweza kujieleza wakaguliwe mwili wakati wa kuogeshwa.

Mbwa

Kichaa cha mbwa si kigeni nchini Kenya. Kisa cha kwanza kuthibitishwa kilikuwa cha mbwa viungani mwa Nairobi mwaka wa 1912, na cha kwanza cha binadamu kilinakiliwa mwaka wa 1928 katika eneo la Ziwa Victoria. Zaidi ya karne moja baadaye ugonjwa ungalipo, na serikali ilijiwekea mwaka wa 2030 kuwa lengo la kuukomesha miongoni mwa binadamu, katika mpango wa kitaifa ulioanza mwaka wa 2014. Nguzo ya mpango huo ni kuwachanja mbwa. Wataalamu wanasema kuwa asilimia 70 ya mbwa katika eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika. Mzazi anayempeleka mbwa wake kuchanjwa kila mwaka akiandamana na mtoto wake humpa funzo ambalo hotuba haiwezi kumpa.

Watoto huumwa zaidi kichwani na usoni kuliko watu wazima kwa sababu ya kimo chao. Majeraha ya sehemu hizo ni ya hatari zaidi, kwani virusi vina safari fupi kuelekea kwenye ubongo.

Mtoto afunzwe kumsoma mbwa. Mbwa anayekula, anayelala, anayenyonyesha au aliyefungwa mnyororo hapaswi kusogelewa hata kama ni wa nyumbani. Anayekunja pua na kuonyesha meno, aliyesimamisha manyoya ya mgongoni au anayetazama bila kupepesa anatoa onyo. Mbwa mwenye kichaa huenda akang'ata vijiti na mawe bila sababu, akatokwa na mate mengi, akatangatanga na kubweka kwa sauti iliyokwaruza. Kuna pia mbwa wagonjwa wanaokuwa wapole na wazito, taya limelegea, na mtoto mwenye huruma hudhani kuna mfupa uliomkwama kooni. Anapotia mkono mdomoni kumsaidia, ndipo hupatikana na madhara.

Mbwa akimkabili, mtoto asikimbie. Hakuna mtoto awezaye kumshinda mbwa kwa mbio, na kukimbia humchochea mnyama amfukuze. Asimame wima kama mti, mikono ikiwa imeshikana mbele, macho yakiangalia miguu yake mwenyewe, asipige mayowe. Mara nyingi mbwa humnusa kisha akaenda zake. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, uso chini, mikono ikifunika shingo na masikio. Watoto hupenda kuucheza mchezo huu wa mti na jiwe, na wakishaucheza mara tano au sita mwili hukumbuka wenyewe.

Iwapo ameumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi ilhali sabuni huviharibu virusi vyenyewe. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Ni nusu ya kipindi cha darasa la chini. Mtoto akiachwa peke yake atamwagia maji mara mbili aseme amemaliza. Mahali pasipo na bomba, mtungi uliotobolewa au kibuyu chirizi cha shuleni chatosha. Sabuni yoyote yafaa, hata ya kufulia. Baadaye jeraha lipakwe dawa ya kuua viini kama ipo. Pilipili, mafuta ya taa, majivu na kinyesi cha ng'ombe havisaidii, na huongeza madhara.

Kisha safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo. Wengi wangali wanaogopa hadithi za sindano nyingi za tumboni. Hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi chanjo hudungwa begani, na kwa watoto wachanga pajani. Hutolewa siku ambayo mgonjwa anaanza matibabu, siku ya tatu, siku ya saba na, kulingana na utaratibu unaofuatwa, siku za baadaye. Jeraha kubwa au la kichwani huhitaji pia kingamwili zinazodungwa kuzunguka jeraha lenyewe. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni mzazi kukatiza sindano baada ya ile ya kwanza kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Mtoto atachunguzwa pia kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Ikiwa mbwa anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe bali achunguzwe kwa siku kumi. Akibaki mzima baada ya muda huo, daktari anaweza kusimamisha chanjo. Lakini matibabu yasisubiri siku hizo kumi zipite.

Watoto wakubwa kidogo hupenda kisa cha Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa kutoka Alsace aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa mwaka wa 1885. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alimtibu kwa chanjo aliyokuwa angali akiifanyia majaribio, na mtoto akaishi hadi utu uzima. Septemba 28, siku aliyofariki Pasteur mwaka wa 1895, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na shule zinazotafuta tarehe ya kufundishia somo hili hazina haja ya kuitafuta mbali.

Nyoka

Kenya ina zaidi ya aina 100 za nyoka, na wengi wao hawana sumu ya kumdhuru binadamu. Wachache walio hatari wanatosha, hata hivyo, kuyafanya maeneo kama Baringo, Kitui, Kilifi na Turkana kuwa na wagonjwa kila mwaka. Mwaka wa 2017 WHO iliorodhesha sumu ya nyoka miongoni mwa magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, na mwaka wa 2019 ikatangaza mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Mtoto hahitaji kujua aina zote. Watatu wanamtosha.

Wa kwanza ni kifutu, ambaye wengine humwita bafe. Ni mnene, mfupi, mwenye rangi ya majani makavu na mchanga. Sifa yake mbaya ni uvivu. Nyoka wengine husikia mtikisiko wa nyayo wakatoroka, lakini kifutu hubaki pale pale njiani akitegemea kutoonekana, hadi akanyagwe. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama, na wapo watoto waliokatwa mguu kwa sababu ya kuchelewa.

Wa pili ni swila mtema mate, anayejulikana pia kama fira, ambaye hurusha sumu kulenga macho kutoka umbali wa mita mbili au zaidi. Huingia nyumbani usiku akifuata panya na vifaranga, na huuma watu waliolala sakafuni. Aina mojawapo, iliyo kubwa kuliko swila wengine wote watemao mate, ilitambuliwa na wanasayansi kuwa aina ya pekee mwaka wa 2007, ikapewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu.

Wa tatu ni koboko, yule ambaye wengi humjua kwa jina la mamba mweusi. Hana uhusiano wowote na mamba wa mtoni, wala ngozi yake si nyeusi. Ni ya kijivu, na weusi umo ndani ya kinywa. Sumu yake hushambulia neva. Kope hulegea, maneno huwa mazito, pumzi hukatika.

Kinga ni mazoea madogo madogo. Mtoto atembee katikati ya njia, wala si kandokando penye nyasi. Usiku asitoke kwenda msalani bila tochi, hata kama mbalamwezi inawaka. Anapookota kuni, aligeuze gogo kwa fimbo kwanza kabla ya kulishika, na alivute upande wake ili gogo liwe kati yake na kilichojificha. Asitie mkono kwenye shimo, kichuguu au kiota, hata akifuata mpira. Viatu vya kufunika mguu vifaavyo shambani ni bora kuliko ndara, na pale ambapo mfuko hauruhusu, fimbo ya kugonga ardhi mbele yake itasaidia.

Nyumbani, kazi ni ya wazazi. Nafaka zikimwagika panya huja, na panya huleta nyoka. Banda la kuku lisiwe ukuta mmoja na chumba cha watoto. Matawi yanayogusa paa yakatwe. Chandarua kilichochomekwa vyema chini ya godoro au mkeka, ambacho wengi hukijua kwa kuzuia mbu tu, humzuia pia nyoka na nge.

Na mtoto akimwona nyoka, arudi nyuma taratibu na kumwita mtu mzima. Watu wengi wameumwa wakijaribu kumuua nyoka aliyekuwa tayari anaondoka. Nyoka aliyekufa naye asichezewe, kwani kichwa kilichokatwa chaweza kuuma kwa muda kikiwa kimejitenga na mwili.

Aliyeumwa afanye nini? Aondoke mahali pale ili asiumwe tena, kisha aketi au alale na kupiga kelele za kuomba msaada. Akiwa na mwenzake, mwenzake ndiye atakayekimbia. Hili la kutokimbia ni gumu kwa mtoto aliyeingiwa na hofu, na ndiyo sababu lifundishwe mapema. Kila misuli inapofanya kazi, sumu husambaa upesi. Wanaomhudumia wavue bangili, pete, viatu na nguo za kubana kabla ya uvimbe kuanza. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao au fimbo ili kisisogee, kama kinavyofungwa kilichovunjika. Abebwe, asitembezwe. Akiwa anatapika au anasinzia, alazwe kwa ubavu.

Kuna mambo ambayo hayafai kabisa: kuchanja kwa wembe, kufyonza sumu kwa mdomo, kumwagia mafuta ya taa, kumpa mgonjwa pombe, na kufunga kamba inayokaza juu ya jeraha. Kamba hiyo imewapotezea watu viungo ambavyo sumu peke yake isingeviharibu. Asipewe aspirini, kwani huongeza kutokwa na damu. Lile jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha, ambalo husifiwa katika vijiji vingi, halivuti sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Linasifiwa kwa sababu nyoka wengi hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mgonjwa ambaye angepona bila lolote hupona na jiwe likapewa sifa. Mganga wa kienyeji anayeheshimika akikubali kumfariji mgonjwa wakati gari linatafutwa, hakuna ubaya. Ubaya ni kumlaza kwake hadi asubuhi.

Sumu ya swila ikiingia jichoni, maji safi yamwagwe jichoni kwa wingi kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi. Mtoto asilisugue. Yasipopatikana maji, maziwa yatafaa. Kisha apelekwe hospitalini, kwani jicho lisipotibiwa laweza kupofuka.

Hospitalini, dawa ya kuzima sumu hutolewa kulingana na dalili. Hutengenezwa kwa kumdunga farasi kiasi kidogo cha sumu na kuvuna kingamwili kutoka kwa damu yake, na dawa iliyotokana na sumu ya nyoka wa bara Asia haifai kwa nyoka wetu. Jambo ambalo huwashangaza wazazi ni kwamba mtoto hupewa kipimo sawa na cha mtu mzima. Nyoka hakupunguza sumu kwa kuwa aliyemuuma ni mdogo, na katika mwili mdogo sumu ile ile ina nguvu zaidi. Mtoto huzidiwa upesi, na kwa hivyo saa za kusubiri ni chache.

Nyuki, nyigu na siafu

Nyuki wa Afrika Mashariki ni wepesi wa kukasirika na hushambulia kwa pamoja. Jamaa zao waliopelekwa Brazil kutoka Afrika walitoroka mwaka wa 1957, wakaenea hadi Marekani, na huko wakapewa majina ya kutisha. Hapa kwetu tunawajua tu kama nyuki, na pengine mazoea hayo ndiyo yanayofanya mawe yarushwe mizingani.

Nyuki mmoja anapodunga, hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Hivyo anayedungwa mara moja karibu na mzinga asibaki pale akijipangusa. Akimbie moja kwa moja, kinyume na kanuni ya mbwa na ya nyoka, na watoto waelezwe tofauti hiyo vizuri. Avute shati au sweta kufunika kichwa na uso, akimbilie ndani ya nyumba au gari na kufunga mlango. Asirushe mikono hewani. Asijitose majini, kwani nyuki humsubiri aibuke.

Nyuki huacha mwiba wake mwilini ukiwa na kifuko kinachoendelea kusukuma sumu. Zamani watu waliambiwa waukwangue kwa uangalifu bila kuubana. Wataalamu sasa wanasisitiza upesi kuliko namna, kwa kucha, kwa kisu butu au kwa vidole. Baada ya hapo paoshwe kwa sabuni na kupozwa kwa kitambaa chenye maji baridi. Nyigu hawaachi mwiba na huweza kudunga tena na tena.

Maumivu na uvimbe mahali palipodungwa ni kawaida. Kinachohitaji hospitali mara moja ni uvimbe wa midomo, ulimi au uso, vipele vinavyosambaa mwili mzima, kukoroma au kukosa pumzi, kutapika na kuzirai. Hizo ni dalili za mzio mkali, na hutibiwa kwa sindano ya adrenalini. Mtoto aliyewahi kupata dalili hizo hata mara moja, walimu wake waarifiwe. Aidha, aliyedungwa mara nyingi, au kinywani na kooni, apelekwe hata kama anaonekana buheri wa afya.

Siafu hawaui mtoto anayeweza kutembea. Hatari ni kwa mtoto mchanga aliyelazwa chini ya mti mama akilima, na kwa hivyo dada anayemlea afunzwe kutazama ardhi kabla ya kutandika leso.

Nge, tandu na wengineo

Kanuni ya nge na tandu ni moja: kung'uta. Kiatu, sweta, blanketi na begi la shule vikung'utwe kabla ya kuvaliwa au kutumiwa, hasa katika kaunti kavu za kaskazini ambako baadhi ya nge wana sumu kali. Maumivu ya nge hupozwa kwa kitambaa baridi, lakini mtoto mdogo anayetokwa na jasho na mate mengi, anayetetemeka au kupumua kwa shida asicheleweshwe.

Yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayebeba jina la jiji la Nairobi hang'ati wala hadungi. Madhara hutokea anaposagwa juu ya ngozi, ambapo maji ya mwili wake huchoma na kuacha malengelenge. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliwafanya wakazi wengi wamjue vizuri. Mtoto afunzwe kumpuliza, asimpige kofi, kisha aoshe ngozi kwa sabuni na asiyaguse macho.

Kwa watoto wa wafugaji katika Baringo, Pokot Magharibi, Marsabit na Wajir, kuna onyo lisilosikika sana. Vichuguu wanavyoketi juu yake jioni wakichunga mifugo ni makao ya usubi wa mchangani, mdudu mdogo kuliko mbu anayeeneza kalaazari. Ugonjwa huo huja na homa ya majuma mengi, kukonda na tumbo kuvimba kwa sababu ya bandama, na huua usipotibiwa. Kuketi kwingine, mbali na kichuguu, hakugharimu chochote.

Kuhusu mbu mengi yameandikwa. Chandarua kila usiku, na homa ipimwe siku hiyo hiyo.

Huku Pwani, mtoto anayeingia majini maji yakiwa yamekupwa avae viatu na aburute miguu mchangani badala ya kuinyanyua, ili taa aliyejifukia ashtuke na kuondoka. Mwiba wa taa au wa samaki wa mawe hutulizwa kwa kutia mguu ndani ya maji moto kiasi cha kuvumilika, ambayo mtu mzima ameyajaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kwa nusu saa au zaidi. Kisha mwiba uliobaki utolewe hospitalini.

Namna ya kufunza

Vitisho havifai. Mtoto anayeambiwa kwamba kila nyoka huua atakimbia akiwa ameumwa, na kukimbia ndiko tusikokutaka. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa kote nchini kuanzia mwaka wa 2019, una somo la mazingira katika madarasa ya chini, na mwalimu anaweza kuwatoa wanafunzi nje wakatembee uwanjani wakitafuta mahali ambapo nyoka angejificha: rundo la mawe, nyasi nyuma ya choo, mbao zilizorundikwa kando ya jikoni. Zoezi hilo humalizika vyema wanapoyaondoa marundo hayo.

Nyumbani, mtoto apewe mwanasesere au ndugu yake amfunge mguu kwa ubao na leso. Apewe sabuni na saa, aoshe mkono kwa dakika 15 kamili ajionee urefu wake. Aulizwe maswali ya ghafla njiani: mbwa yule akija sasa hivi utafanya nini? Na nyuki je? Wanaojibu upesi na kwa kujiamini ni wale waliowahi kuyaigiza, si wale waliohutubiwa.

Watoto huwafunza pia wenzao, hasa machungani ambako hakuna mtu mzima. Wachungaji wawili waagane tangu asubuhi nani atabaki na nani atakimbia. Katika mchezo wa kuigiza, wabadilishane zamu, kwa sababu anayebaki ana kazi ngumu zaidi, ya kumtuliza mwenzake na kumkataza kusimama.

Kuna maswali mawili ambayo mzazi anapaswa kuyauliza kabla ya siku ya dharura, kwani si kila kituo cha afya kina dawa hizi. Ni hospitali gani iliyo karibu ambayo huwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, na ni ipi yenye dawa ya sumu ya nyoka? Huenda zisiwe moja. Majibu yaandikwe ukutani pamoja na namba ya simu ya mwenye gari au bodaboda anayekubali kuamshwa usiku. Kwenye bodaboda, mtoto aliyeumwa akae katikati, mwendeshaji mbele na mtu mzima nyuma akimshikilia, kwa sababu sumu ya neva ikianza kufanya kazi hataweza kujishikilia mwenyewe.